Mgeni wa Siku Moja

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, nami nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini jembe si adhabu tu. Alishikaye huijua ardhi ya mwenyeji wake, huona palipo na mawe na palipochoka, na wakati wa kupumzika kivulini husikia habari ambazo hazisimuliwi mezani. Swali langu ni juu ya mgeni ambaye wahenga hawakumfikiria: yule afikaye asubuhi na kuondoka jioni ya siku ile ile. Huyu hapewi jembe kamwe. Je, ana wajibu gani?

Swali lilinipata katika kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi ya Uskoti. Mkutano wa wanazuoni ulikuwa umekwisha, nikalipa nauli katika mji wa Inverness na kuingia basi dogo pamoja na wageni wengine. Kiongozi wetu, mzaliwa wa pande zile, aliendesha huku akisimulia. Siwezi kuukana uzuri wa kisiwa kile. Nguzo ya jiwe iitwayo Mzee wa Storr husimama peke yake juu ya mteremko, urefu wake kadiri ya mita 50, na ukungu huifunika na kuifunua. Katika Quiraing, mawe mazito ya volkano yaliyalemea mawe dhaifu yaliyo chini yake hata mlima ukaporomoka, nayo ardhi haijatulia mpaka leo; barabara ipitayo chini yake haiishi kutengenezwa. Kusini husimama milima ya Cuillin, myeusi, yenye meno kama msumeno, na kilele chake kirefu kina mita 992.

Kila tuliposhuka garini neno moja lilisikika: tazameni, hapana mtu, mahali hapa hapajaguswa na mkono wa binadamu. Nakiri kwamba aliyelitamka kwanza alikuwa mimi.

Alasiri tulisimama kando ya njia kwa muda mfupi. Chini ya majani ya mteremko niliona mistari sambamba, yenye upana sawasawa, ikishuka kuelekea baharini. Mtu aliyelelewa na bibi mlima viazi hahitaji mkalimani. Yale yalikuwa matuta. Nilimwuliza kiongozi, akajibu kwamba ndiyo, watu walilima viazi hapo zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nikiwaeleza abiria asubuhi, basi zima huwa kimya mpaka jioni. Nami nina watoto wa kulisha.”

Katika karne ya 19 wenye ardhi wengi wa nyanda za juu za Uskoti waliona kwamba kondoo huleta faida kuliko wapangaji. Si kila tuta lililoachwa lina kisa kimoja, kwa maana wengine walihama kwa njaa iliyofuata ugonjwa wa viazi wa 1846. Lakini vijiji vya Boreraig na Suisnish, kusini mwa Skye, vilianza kuondolewa watu kwa nguvu mwaka 1853. Archibald Geikie, aliyekuja kuwa mwanajiolojia mashuhuri, alikuwa kijana aliyekwenda kisiwani kuchunguza mawe. Siku moja, akirudi kutoka matembezini, aliuona msafara wa watu wa Suisnish njiani, wazee wasiojiweza wamepakiwa mikokoteni, akasikia kilio chao kikijaza bonde. Aliyaandika hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1904. Alikuja kutazama mawe akaona watu. Sisi tulipita penye dalili za watu tukaona mawe.

Wala si wote walioondoka kimya. Mwaka 1882 wapangaji wa Braes, karibu na Portree, waliokuwa wakidai malisho yao ya mlima wa Ben Lee, walipambana kwa mawe na askari wapatao 50 walioletwa kutoka Glasgow. Wanawake walikuwamo, tena si nyuma. Tume ya serikali ilikuja kuwasikiliza mwaka 1883, na sheria ya 1886 ikawapa wakulima wadogo haki ya kutofukuzwa ovyo.

Msomaji aweza kusema kwamba jiwe la Storr halikumfukuza mtu, na kwamba kujinyima furaha ya kulitazama hakumrudishi marehemu hata mmoja nyumbani kwake. Nakubali. Sioni dhambi katika kutazama, wala katika kufurahi. Kosa langu lilikuwa katika kusema. Anenaye kwamba mahali hapajaguswa hasifu tu, anatoa ushahidi. Anawashuhudia wasiokuwapo kwamba hawakuwapo kamwe, na hivyo huimaliza kazi ambayo mfukuzaji aliiacha nusu. Wengine watamtetea mgeni kwa kutojua kwake. Kutojua humpa mtu ruhusa ya kunyamaza, au ya kuuliza. Hakumpi ruhusa ya kushuhudia. Nauli niliyolipa ilimaliza deni langu kwa kiongozi, basi. Hao wengine hawakuwa na mahali pa kupokea nauli.

Hapo nilitahayari zaidi, maana niliikumbuka Serengeti. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi huko, nikawaambia kwa ufasaha mwingi kwamba wanaitazama nchi kama ilivyotoka mkononi mwa Muumba. Wamaasai waliokuwa wakichunga humo waliondolewa mwaka 1959, mipaka ya hifadhi ilipopangwa upya na Ngorongoro ikatengwa. Mwaka huo niliujua. Niliufundisha katika somo jingine, siku nyingine, na mambo hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu mpaka nilipoyaona matuta ya watu wa mbali.

Jua lilikuwa limeshuka tulipoelekea kwenye daraja liunganishalo kisiwa na bara tangu 1995. Mama mmoja mzee aliyeketi karibu nami alikuwa akizipitia picha zake, akaomba aone na zangu. Alipofika kwenye ile ya mteremko akasita.

“Hapana kitu humu,” alisema kwa upole.

Nikaweka kidole juu ya kioo cha simu, nikaifuata mistari, mmoja baada ya mmoja. Akafungua mkoba wake, akatafuta miwani.