Bei Rahisi na Riziki ya Jirani

Kununua kwa bei rahisi si dhambi. Mama wa Mbinga mwenye watoto sita, akiacha mafungu madogo ya sokoni na kushirikiana na wenzake kushuka Mbamba Bay, mwendo wa kilometa 66, ili walete usipa kwa gunia, twamsifu. Maana fedha aliyoiokoa hununua daftari na chumvi.

Walakini liko neno linalotusumbua. Siku za mvua usipa haukauki juu ya vichanja, na mvuvi, akiona utaoza, hukubali bei yo yote atajiwayo. Je, tumtajie ipi? Wako wasemao, “Amekubali mwenyewe.” Jibu hilo halitutoshi. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ikieleza amri ya saba, haikomi katika wizi, bali yatutaka tumsaidie jirani kuilinda riziki yake. Na wangapi kati yetu tuliouza kahawa ingali mtini, kwa magoma, kwa kuwa nyumbani hamkuwa na unga? Mnunuzi naye alisema tumekubali.

Mama wale wakimlipa mvuvi bei ya siku ya jua, hata nauli ikihesabiwa, twadhani gunia litakuwa rahisi bado kuliko mafungu ya sokoni.