Je, Yafaa Kumkataza Mwana Kile Alichoruhusiwa Baba?

Liko swali lililowagawanya watu wenye akili na nia njema katika mabunge mawili, la Nyuzilandi na la Uingereza, nasi twaona kwamba haliwahusu wao peke yao. Swali lenyewe ni hili: Je, Bunge lina haki ya kutunga sheria isemayo kwamba mtu aliyezaliwa tangu siku fulani asiuziwe tumbaku maisha yake yote, hali yule aliyezaliwa siku moja kabla yake aachwe anunue mpaka kufa kwake?

Sheria ya namna hiyo ilipitishwa huko Nyuzilandi mwezi wa Desemba 2022. Siku iliyowekwa kuwa mpaka ilikuwa 1 Januari 2009. Pamoja na hayo, maduka yaliyoruhusiwa kuuza tumbaku yalikusudiwa kupunguzwa kutoka kama 6,000 mpaka 600, na nikotini iliyomo ndani ya sigara ipunguzwe hata isiweze tena kumfunga mtu. Yafaa tuangalie vema kwamba sheria ile haikumwadhibu mvutaji. Ilimshika muuzaji. Tena katika nchi ile watu wapatao 5,000 hukisiwa kufa kila mwaka kwa ajili ya tumbaku, na kati ya Wamaori, ambao ndio wenyeji wa asili, uvutaji ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa watu wote kwa jumla. Kwa hiyo wengi wao waliingoja sheria ile kama vile mgonjwa aingojavyo dawa.

Uingereza walifuata. Tarehe 4 Oktoba 2023, Waziri Mkuu Rishi Sunak aliuambia mkutano wa chama chake mjini Manchester kwamba ataleta mswada wenye shabaha iyo hiyo, na siku ya mpaka ikawa ile ile ya 1 Januari 2009. Mswada uliposomwa mara ya pili tarehe 16 Aprili 2024, wabunge 383 waliukubali na 67 waliukataa. Kati ya hao waliokataa, 57 walikuwa wa chama cha Waziri Mkuu mwenyewe, maana aliwaacha wapige kura kwa dhamiri zao pasipo amri ya chama. Bunge likavunjwa kabla mswada haujamalizika, lakini chama cha Labour kilichoshinda uchaguzi kikauleta tena, na mwezi wa Novemba 2024 ukakubaliwa na wabunge 415 dhidi ya 47.

Sasa na tuwasikilize waliokataa, kwa sababu si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Kemi Badenoch, aliyekuwa waziri katika Serikali ile ile ya Sunak, alipinga kwa neno la usawa: watu wazima wawili, aliyezaliwa leo na aliyezaliwa kesho, watakuwa na haki mbalimbali milele, wala hakuna aliyefanya kosa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Sheria nyingine zote za umri humngoja mtoto akue, na akisha kukua humfungulia mlango. Hii haimfungulii kamwe. Siku moja atatokea mzee wa miaka sabini akiulizwa dukani cheti cha kuzaliwa, na mwenziwe wa miaka sabini na mmoja asiulizwe neno. Wengine wakaongeza neno la uhuru: mwili ni wa mtu mwenyewe, na Serikali inayoanza kwa kumkinga mtu na moshi yaweza kumaliza kwa kumpimia chumvi na sukari mezani pake.

Tukianza na neno la uhuru, twauliza: ni nani hasa asemaye, “Mwili ni wangu”? Sunak alieleza kwamba katika kila wavutaji watano, wanne walikuwa wameanza kabla ya kutimiza miaka ishirini. Wengi wao basi walichagua wakiwa hawana hata kura. Huyo mtu wa miaka arobaini, atetewaye Bungeni kwa ajili ya uhuru wake, mara nyingi hatumii uhuru, bali alipa deni lililofanywa na kijana wa miaka kumi na mitano aliyetaka kuonekana mtu mzima mbele ya wenziwe. Mwulize yeye mwenyewe. Wengi watakuambia kwamba wametaka kuacha, wakaacha, wakarudi, wakaacha tena. Mtu aliye huru hahitaji kujaribu mara saba kuacha jambo analolipenda. Na mambo haya si ya kubahatisha. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha kwa hesabu za wagonjwa wa hospitali za London jinsi sigara na kansa ya mapafu zinavyofuatana, na Doll, aliyekuwa mvutaji, akaiacha sigara kwa sababu ya yale aliyoyaona katika kazi yake. Kisha wakawafuatia madaktari wa Uingereza kwa miaka hamsini, na habari zilizotolewa mwaka 2004 zikasema kwamba mvutaji hupoteza kwa wastani miaka kumi ya maisha yake, walakini yule aachaye kabla ya miaka thelathini huepuka karibu madhara yote.

Neno la usawa ni gumu zaidi, nasi hatutalipita kwa haraka. Tufikiri habari ya daraja bovu. Mwenye daraja akisha kujua kwamba nguzo zake zimeoza, afanye nini? Akilikata mara moja, walio katikati wataanguka. Akiliacha wazi kwa ajili ya usawa, kwa kuwa wa jana waliruhusiwa kupita, watakufa na wa kesho. Mtu mwenye busara hufunga lango upande wa kuingilia, na walio juu yake huwaacha wavuke taratibu, tena huwapa mkono. Naam, wawili waliofika langoni kwa kupishana dakika moja watatendewa mbalimbali, lakini aliyefungiwa hana haki ya kulalamika kwamba amenyimwa kuanguka. Kutolingana huko hakukutoka katika kumchukia mwana. Kulitoka katika kumhurumia baba, ambaye nikotini imekwisha kumshika, na kumkatia ghafula kungekuwa ni ukatili. Kama sheria ingetaka usawa mtupu, ingewakataza wote kwa siku moja, na hao wanaodai usawa wangekuwa wa kwanza kupiga kelele.

Hayo ndiyo yaliyosemwa waziwazi. Lakini twaamini kwamba kizuizi kikubwa hakikuwa hoja ya uhuru wala ya usawa. Kilikuwa fedha, na habari hiyo ni ya zamani.

Katika mwaka 1948 wanaume zaidi ya wanane katika kila kumi wa Uingereza walitumia tumbaku, na ushuru wake ulikuwa nguzo mojawapo kubwa za Hazina. Tarehe 12 Februari 1954, Iain Macleod, Waziri wa Afya, aliwatangazia waandishi wa magazeti kwamba Serikali imekubali kuwa uvutaji una uhusiano na kansa ya mapafu. Aliyasema hayo huku akivuta sigara moja baada ya nyingine. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amemwandikia mwenzake wa Hazina kwamba kila mtu ajua jinsi matunzo ya raia na mambo mengine mengi ya nchi yalivyosimama juu ya uvutaji wa tumbaku. (Macleod huyo ndiye aliyekuja Dar es Salaam mwezi wa Machi 1961, akiwa Waziri wa Makoloni, kuongoza mkutano wa uhuru wa Tanganyika. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga.) Tazameni ugumu wake: hospitali zijengwe kwa fedha za kitu kinachozijaza wagonjwa. Twasema mvutaji amefungwa na nikotini, na kweli amefungwa, lakini na Hazina imefungwa pamoja naye kwa kamba ile ile, wala hatujasikia kwamba kuna daktari wa kuitibu.

Hatusemi kwamba ushuru wa tumbaku ni mbaya. Bei ikipanda, vijana na maskini hununua kidogo, na hiyo ni faida kubwa. Ubaya huanza pale ambapo Serikali inayotoza ushuru ili watu waache, yaanza kuogopa wasije wakaacha. Ndivyo ilivyoonekana huko Nyuzilandi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2023 vyama vitatu viliungana kuunda Serikali mpya, na katika mapatano yao wakaahidi kuifuta ile sheria ya 2022. Nicola Willis, Waziri wa Fedha, hakuficha kwamba mapato ya tumbaku yatasaidia kulipia upunguzaji wa kodi waliouahidi. Tarehe 28 Februari 2024 sheria ikafutwa kwa njia ya haraka, pasipo kuwaita raia watoe maoni yao mbele ya kamati, nayo ilikuwa haijamzuia hata kijana mmoja bado. Twaulizana: huyo aliyepunguziwa kodi alijua fedha yake imetoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika mapafu ya watu, na hasa ya Wamaori, walio maskini kuliko wengi.

Tena fedha haiingii kwa mlango wa Hazina tu. Mwaka 1997 Serikali mpya ya Labour iliahidi kukataza matangazo ya tumbaku, kisha ikataka kuyaachia mashindano ya magari ya Formula One. Ikajulikana kwamba Bernie Ecclestone, mkuu wa mashindano hayo, alikuwa amekipa chama pauni 1,000,000. Fedha ikarudishwa, na Waziri Mkuu Tony Blair akajitetea kwamba hakuna jambo baya lililotendeka. Twaandika yaliyotukia tu.

Kwa hiyo tumeiona thamani ya kura ile ya dhamiri. Tarehe 14 Februari 2006, Bunge la Uingereza lilijadili uvutaji katika nyumba za pombe. Serikali yenyewe ilikuwa imeahidi kuziachia zile zisizouza chakula, pamoja na vilabu vya wanachama. Wabunge wakaachwa huru, nao wakaenda mbele kuliko wakubwa wao: 384 dhidi ya 184 walikataza moshi katika nyumba zote za namna hiyo, na tangu 1 Julai 2007 ikawa ndivyo katika Uingereza yote, mbali na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, waliotangulia. Mbunge akiondolewa kamba ya chama shingoni, aweza kumkumbuka mhudumu avutaye moshi wa wengine saa nane kila siku kwa ajili ya mshahara mdogo. Huyo hakuchagua kuvuta, wala hakuna aliyemtetea kwa neno la uhuru.

Wanaosema kwamba katazo huzaa magendo hawasemi uongo. Huko Australia, ambako ushuru wa sigara ni mkubwa mno, majambazi wa magendo wamechomeana maduka kwa moto. Serikali itungayo sheria bila askari wa kuilinda hutunga karatasi.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba twaitazama nyumba ya jirani kutoka dirishani. Huko Urambo, baada ya mpango mkubwa wa karanga kushindwa, tumbaku ndiyo iliyoshika mashamba, na hata leo jamaa nyingi za upande wa Tabora hupeleka watoto shule kwa fedha yake. Mtu asiseme nao juu ya mapafu tu, asiseme nao juu ya zao jingine litakalonunuliwa. Uganda, kwa sheria ya 2015, iliweka umri wa kuuziwa kuwa miaka 21, nayo ikakataza kuuza sigara moja moja. Waliotunga sheria hiyo waliwajua watoto wa mjini, kwa maana mtoto hana fedha ya pakiti. Sigara moja aweza kuinunua kwa fedha aliyotumwa dukani, na mama yake asijue.

Watoto waliozaliwa siku ile ya mpaka, 1 Januari 2009, walikuwa na miaka kumi na mitatu sheria ya Nyuzilandi ilipopitishwa, na kumi na mitano ilipofutwa. Hawakupiga kura mara ile, wala mara hii. Siku ya 1 Januari 2027 wanatimiza miaka kumi na minane, ambayo ndiyo miaka iliyoachwa na sheria ya zamani kuwa umri wa kuuziwa tumbaku.