Mikwaruzo ya Gitaa na Ukweli wa Mnunuzi

Swali la insha hii linaonekana dogo, lakini sidhani kuwa ni jepesi. Mtu anataka kununua gitaa kuukuu la jazi. Gitaa lina mikwaruzo, rangi yake imefifia, na dhahabu iliyopakwa kwenye vyuma vyake imetoka. Mnunuzi anajua kwamba hayo yote hayaipunguzi sauti ya gitaa hata chembe. Je, ana haki ya kumwonyesha muuzaji mikwaruzo hiyo ili bei ishuke? Wenzangu wengi watacheka na kusema kwamba hiyo ndiyo biashara. Mimi nasema hapana, angalau katika hali moja ambayo nitaieleza.

Kwanza tulielewe gitaa lenyewe. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Marekani, ilitoa gitaa la L-5, ambalo Lloyd Loar alishiriki kulibuni. Badala ya tundu moja la duara, lilikuwa na matundu mawili yenye umbo la herufi f kama ya fidla, na uso wake wa mbao ya sprusi ulichongwa ukabinuka. Zama zile amplifaya zilikuwa hazijaingia kwenye bendi, na mpiga gitaa alipaswa kusikika katikati ya tarumbeta na ngoma. Uso ule uliobinuka ndio uliompa sauti ya kupenya, na wafuasi wa jazi bado wanayatafuta magitaa ya namna hiyo mpaka leo.

Gitaa likiishi miaka sabini au themanini mikononi mwa wanamuziki, hupata alama. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hukauka na kufanya nyufa nyembamba kama nywele, hasa gitaa likitolewa kwenye baridi kali na kuingizwa ghafla kwenye joto. Bizimu ya mkanda hukwaruza mgongo wake. Kiganja cha mpigaji hula rangi nyuma ya shingo. Hizi huitwa kasoro za sura. Kasoro za mwili ni nyingine kabisa: uso uliodidimia kwa mkazo wa nyuzi, mihimili ya ndani iliyobanduka, shingo iliyopinda isiyonyooka tena. Hata hivyo, mpaka kati ya sura na mwili si safi sana. Kibao cha seluloidi kinachokinga uso wa gitaa kikizeeka huweza kuanza kuoza chenyewe, na mvuke wake huvitia kutu vyuma vilivyo karibu. Anayekiona kimemeguka akasema ni sura tu, amekosea. Lakini kwa sehemu kubwa mpigaji mzoefu hujua kasoro ipi ni ya sura na ipi ni ya mwili.

Sasa tuseme kwamba mjane mmoja huko Chicago anauza gitaa la marehemu mumewe. Yeye hapigi gitaa na hajui bei yake. Anakuja mwanamuziki anayejua. Analishika, anapiga noti tatu, na moyoni ameshalichukua. Kisha anapitisha kidole juu ya mikwaruzo, anaguna, anasema limechakaa sana. Kila neno alilosema ni kweli. Mikwaruzo ipo. Nadai kwamba amedanganya.

Kwa nini? Kwa sababu mtu anapoitaja kasoro katika mazungumzo ya bei, hatoi habari tu kwamba ipo. Anasema pia kwamba kasoro hiyo inampunguzia yeye hamu ya kununua, na hilo kwa mwanamuziki huyu si kweli. Huenda hata anaipenda. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Fender imekuwa ikiuza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi kiwandani, na wateja wapo! Mkusanyaji wa vitu vya kale anayetaka gitaa lililo kama siku lilipotoka dukani anaweza kusema maneno yale yale kwa haki, kwa sababu mikwaruzo inamkera kwelikweli. Sentensi ni moja, lakini mmoja amesema kweli na mwingine hakusema.

Kuna pingamizi ambalo silidharau. Nikienda Owino hapa Kampala kununua shati la mitumba, nitatafuta doa, na muuzaji ataapa kwamba doa hilo litatoka kwa kufua mara moja. Hakuna anayedanganyika hapo. Wote wawili tunaujua mchezo, tena muuzaji anaijua bei kuniliko. Mjane wetu hayumo katika mchezo wowote. Anamsikiliza mgeni yule kama mtu anayemsikiliza fundi.

Cicero aliligusa jambo hili katika kitabu cha tatu cha De Officiis, mwaka 44 KK. Anasimulia ubishi wa Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater juu ya muuzaji anayenyamazia anachokijua. Diogenes alimruhusu anyamaze pale sheria isipomlazimisha kusema. Antipater alikataa, na Cicero akawa upande wa Antipater. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa mnunuzi. Quintus Scaevola aliomba atajiwe bei ya shamba, akatajiwa, akasema kwamba yeye analithamini zaidi ya hapo, akaongeza sesta 100,000. Watu walisema ni tendo la mtu mwema, ila si la mtu mwenye akili. Cicero aliukataa utengano huo.

Sidai kila mnunuzi awe Scaevola. Aliyetumia miaka mingi kujifunza kulitambua gitaa zuri anastahili kufaidika kiasi kwa ujuzi wake, na kwangu kunyamaza juu ya bei ya juu kabisa si sawa na kumfanya mwenye mali aidharau mali yake. Hilo la pili lina madhara hata baada ya mnunuzi kuondoka. Tuseme mjane amekataa bei ile ndogo. Amebaki na gitaa na maneno ya mgeni: limechakaa. Atafanya nini? Pengine atalipeleka likwanguliwe vanishi na kupakwa upya ling'ae. Hapo thamani yake kwa wakusanyaji itaporomoka, na fundi akisugua kupita kiasi atauondoa unene wa ule uso uliochongwa, na sauti itabadilika.

Mwanamuziki yule angeweza kusema kwamba ana kiasi fulani tu mfukoni, kama kweli hana zaidi. Na mjane akimwuliza kama mikwaruzo ni tatizo, amjibu kwamba kwake si tatizo. Bei inaweza kupanda, na gitaa akalikosa.