Deni la Sikio

Jicho hupokea na hujua limepokea kwa nani. Sikio hupokea mali nyingi na aghalabu halimjui mtoaji. Mtu asikilizapo okestra huweza kuuwaza upinde juu ya uzi wa fidla na pumzi ndani ya tarumbeta. Lakini asikilizapo sauti zilizozaliwa na umeme, ambazo hadithi za kubuni za sayansi zimezitumia sana katika televisheni, haoni upinde wala hahisi pumzi. Hapo hudhani kwamba mtambo umejiimbia wenyewe. Swali la insha hii ni hili: je, msikilizaji ana deni lo lote kwa mkono asioujua? Na kama analo, hulilipa kwa kitu gani?

Swali la namna hii halijibiwi vema kwa maneno matupu, hutaka mfano. Tarehe 23 Novemba 1963 shirika la BBC la Uingereza lilianza kuonyesha Doctor Who, mfululizo wa hadithi ya msafiri apitaye katika nyakati na sayari. Muziki wa kufungulia ulitungwa na Ron Grainer, mzaliwa wa Australia. Alichokiandika kilikuwa kifupi: noti za wimbo, na maelezo machache ya sauti alizozitamani. Karatasi hiyo ilipelekwa Maida Vale, London, kwenye karakana ya sauti ya BBC iitwayo Radiophonic Workshop, iliyoanzishwa mwaka 1958. Aliyeipokea ni Delia Derbyshire, aliyezaliwa Coventry mwaka 1937, na ambaye alikuwa amesoma hisabati na muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Hapakuwa na chombo cha kubonyeza kikatoa wimbo tayari. Mlio mzito wa chini ulitokana na uzi mmoja uliopigwa kwa kidole. Sauti ya juu ilitokana na mitambo ya umeme ya kupimia, itoayo mlio mmoja usio na pambo. Na mvumo wa upepo ulichujwa kutoka katika kelele tupu. Kila mlio ulinaswa juu ya utepe, utepe ukaharakishwa au ukapunguzwa mwendo ili mlio upande au ushuke, kisha ukakatwa kwa wembe na kuungwa na mwenziwe. Katika mwendo wa inchi 15 kwa sekunde, uliozoeleka katika studio za siku zile, nusu ya sekunde ni inchi saba na nusu. Basi wakati ulipimwa kwa rula kama mshonaji apimavyo kitambaa, na mapigo ya wimbo yakawa kazi ya wembe. Katika taabu hiyo Derbyshire alisaidiwa na Dick Mills. Husimuliwa kwamba Grainer alipousikia wimbo umekamilika aliuliza kwa mshangao kama kweli ni yeye aliyeutunga, naye Derbyshire akamjibu kwamba sehemu iliyo kubwa ni yake. Grainer alitaka mwenziwe atambuliwe kuwa mtunzi pamoja naye, lakini kanuni za shirika za wakati ule ziliwaweka wafanyakazi wa karakana katika hali ya kutotajwa. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Jina lake lilionekana katika orodha ya watenda kazi wa mfululizo huo mwaka 2013, wakati wa kuadhimisha miaka 50.

Sasa na tutazame upande wa pili wa mizani. Mwaka 1966 ulianza huko Marekani mfululizo wa Star Trek, ambao wimbo wake ulitungwa na Alexander Courage kwa okestra na sauti ya mwanamke aimbaye bila maneno. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo, aliuandikia wimbo ule maneno. Maneno hayo hayakuimbwa katika mfululizo hata mara moja. Lakini kwa nguvu ya mkataba yalimpa nusu ya malipo ya utunzi kila wimbo ulipopigwa. Basi mmoja alitoa sauti asipate jina, na mwingine alipata fungu asitoe sauti. Mambo yote mawili yalifuata kanuni zilizoandikwa.

Mfano wa tatu ni wa sinema. Mwaka 1956 Louis na Bebe Barron, mume na mke, waliifanyia filamu ya Forbidden Planet sauti za umeme mwanzo hadi mwisho. Majina yao yaliandikwa, lakini kazi yao haikuitwa muziki. Iliitwa milio ya kielektroni, kwa kuchelea ugomvi na chama cha wanamuziki. Hawa walipewa jina la mtu wakanyimwa jina la kazi.

Mifano hii hutuonyesha kwamba vitu vitatu ambavyo kwa kawaida tunavichanganya ni mbalimbali: ujira, heshima na ukweli. Ujira hugawanywa na mkataba. Heshima hugawanywa na watu, nao huweza kuipeleka mahali isipostahili. Lakini ukweli juu ya nani alifanya nini hauna mgawaji. Hupo kama ulivyo, ukitajwa au ukifichwa.

Yupo atakayepinga akisema: Derbyshire alilipwa mshahara, na anayelipwa mshahara ameuza kazi yake. Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu yake ina mpaka. Mshahara hununua matumizi ya kazi. Hauwezi kununua jambo lililokwisha kutendeka likawa halikutendwa na mtendaji wake. Mwajiri anaweza kuwa mwenye wimbo kwa sheria. Hawezi, kwa sheria hiyo hiyo, kuwa ndiye aliyekaa na wembe akaamua utepe ukatwe hapa wala si pale.

Mwingine atasema: kazi zote ni za wengi, tukianza kuwataja tutamtaja hata fundi aliyeunganisha nyaya za taa. Hili nalo lapasa kujibiwa. Kipimo changu ni hiki: mwondoe mtu, umweke mwingine mwenye ujuzi wa kawaida, kisha uulize kama kazi ingebaki ile ile. Fundi wa taa akibadilishwa, wimbo haubadiliki. Derbyshire akibadilishwa, noti za Grainer zinabaki, lakini sauti iliyowatia watoto wa Uingereza hofu na shauku inapotea. Mahali ambapo hukumu ya mtu imeingia ndani ya kazi, hapo jina lake limekwisha kuingia. Kulitaja ni kukiri tu.

Kipimo hicho kinatuonya pia tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Siku hizi wako wasemao kwamba wimbo ule ni wa Derbyshire peke yake. Hiyo ni dhuluma mpya iliyovaa nguo ya haki. Grainer ndiye aliyewaza mwendo wa noti, na alikuwa radhi kugawana. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema apewe na haki ya jirani yake.

Jambo hili si la jana tu. Mwaka 2005 Murray Gold alipoufanyia wimbo wa Doctor Who umbo jipya, aliongeza okestra lakini akazihifwadhi ndani yake baadhi ya sauti za mwaka 1963. Mkono wa zamani ungali ukisikika chini ya fidla. Na katika siku zetu zimetokea programu ziwezazo kuunda muziki kwa dakika chache, baada ya kulishwa muziki mwingi mno wa wanadamu. Ile dhana ya kwamba mtambo hujiimbia wenyewe imepata nguvu kuliko wakati wo wote. Zamani karakana moja ilificha jina la mtu mmoja. Sasa majina ya maelfu yaweza kuyeyuka ndani ya sauti moja, asibaki hata wa kumwuliza.

Ni nini basi deni la sikio? Si fedha, kwani msikilizaji hagawi mishahara. Wala si lazima ajue kila jina kabla ya kufurahi, kwani furaha haingoji ushahidi. Deni lake ni kutokubali uvivu wa kudhani kwamba sauti isiyoonyesha mkono haikuwa na mkono. Ni kuuliza, na akijibiwa, kutaja sawasawa. Asikiaye mvumo ule wa mwaka 1963 huku akijua kwamba ni vipande vya utepe vilivyopimwa kwa rula husikia zaidi, si pungufu. Hufahamu kwamba ugeni ule wa sayari za mbali ulitengenezwa na mtu aliyeketi chumbani London, akipima, akikata, akisikiliza, na kukata tena.