Nani Ana Haki ya Kusamehe Deni?

Jumapili hakuna kukamata mali ya mtu. Sheria ya madeni ya nchi za OHADA ya 1998, ambayo Kongo iliipokea ilipojiunga na umoja huo mwaka 2012, ilikataza hukumu kutekelezwa Jumapili au sikukuu bila ruhusa maalumu ya hakimu. Siku za kazi nazo ziliwekewa mipaka: huissier, yule afisa wa mahakama anayefika na karatasi na kuorodhesha vitu vya nyumba, asianze kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Basi Jumapili, katika makanisa ya Butembo na Beni, mdai na mdaiwa wanaweza kukaa benchi moja, wakasali Baba Yetu kwa sauti moja na kuomba wasamehewe kama wanavyosamehe. Mmoja ana hukumu yenye muhuri kabatini. Mwenzake anajua.

Je, mwamini anaruhusiwa kuitoa karatasi ile kabatini Jumatatu?

Swali hili lina uzito wa pekee katika miji hii miwili, kwa sababu biashara yake imejengwa juu ya kuaminiana. Bidhaa za Dubai na Guangzhou hupakuliwa Mombasa, zikavuka Uganda, zikaingia kwa mpaka wa Kasindi, na tangu hapo hushuka kwa mkopo kutoka kwa tajiri hadi kwa muuzaji wa meza. Mtafiti Timothy Raeymaekers aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2014, juu ya wafanyabiashara wa Butembo na jinsi walivyojipangia utaratibu wao pale serikali ilipokuwa dhaifu. Chini yao kuna MUSO, vikundi vya kuweka na kukopeshana vyenye kasha la kijani kwa mikopo na kasha jekundu kwa ugonjwa na msiba. Humo ndimo watu wanamokopa, na humo ndimo ndugu hugeuka mdaiwa.

Tuseme mama mmoja muuza vitenge wa Rughenda amemkopesha jirani wa shirika lake, ile jumuiya ndogo ya kanisa, dola 600. Miezi inapita. Kila akipita dukani anajibiwa, “Mama, univumilie kidogo, Mungu atasaidia.” Mwisho anakwenda tribunal de paix, kwa maana sheria ya Aprili 2013 iliipa mahakama hiyo mashauri ya hadi faranga 2,500,000. Wakati ule fedha hizo zilikaribia dola 2,700. Kufikia 2024 zilikuwa zimeshuka chini ya 900. Anashinda. Kisha anagundua kwamba kushinda ni nusu ya njia. Kuna ada ya nakala, kuna asilimia ya fedha zilizohukumiwa, kuna usafiri wa huissier, na pengine wa polisi wa kumsindikiza. Katiba ya 2006, ibara ya 149, inasema haki hutolewa kwa jina la wananchi na hukumu hutekelezwa kwa jina la Rais wa Jamhuri. Majina makubwa yote mawili, lakini nauli ya pikipiki anaitafuta mama.

Hapo ndipo wazee wa kanisa humjia. Paulo, wanamkumbusha, aliwakemea Wakorintho walioshtakiana mbele ya watu wasioamini, akawaambia ni heri kudhulumiwa. Ni kweli. Ila sura ile ile ya sita ina swali ambalo wazee hulipita haraka: Paulo aliuliza kama kweli hakuna hata mmoja kati yao mwenye hekima ya kuamua mambo ya ndugu. Aliwataka wawe na baraza lao. Wanande, wenyeji wa miji hii, wanalijua jambo hilo tangu zamani. Kwenye kyaghanda, baraza lao la jadi, wazee walikaa, wakasikiliza pande zote, na aliyekosa akalipa. Shirika linalomzuia mama asiende mahakamani, na lenyewe halimwiti mdaiwa kujieleza, limechukua nusu ya Paulo na kuacha nusu.

Torati haimkatazi mdai kudai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linamwekea adabu: asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje, mwenye nyumba amtolee mwenyewe, asichukue jiwe la kusagia, maana ndilo linalolisha familia, vazi la maskini lirudishwe jua likizama. Cha ajabu ni kwamba sheria ya OHADA, iliyoandikwa na wanasheria na si manabii, ilipita njia hiyo hiyo kwa sehemu. Baada ya mali kuorodheshwa, ilimpa mdaiwa mwezi mmoja aiuze mwenyewe kabla ya mnada. Na ibara ya 39 ilimruhusu hakimu kuahirisha malipo au kuyagawa vipande, kwa muda usiozidi mwaka, akitazama hali ya mdaiwa na pia mahitaji ya mdai. Hayo maneno ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili.

Kwa nini basi hukumu itekelezwe, kama huruma ni njema hivyo? Jibu bora huenda lilitolewa Yerusalemu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Torati iliamuru madeni yafutwe kila mwaka wa saba. Matokeo yake, mwaka huo ulipokaribia, wenye fedha walifunga mikono, na maskini hakupata wa kumkopesha. Mwalimu Hillel akaweka hati iitwayo prozbul, ambayo kwayo deni lilikabidhiwa mahakama na hivyo halikufutika. Alionekana kama anawasaidia matajiri. Kumbe mlango aliofungua ulikuwa wa mkopaji. Beni na Butembo zimepokea watu wengi waliokimbia mauaji yaliyoanza Oktoba 2014. Mtu aliyetoka Eringeti bila ukoo mjini, bila shirika linalomfahamu, atakopeshwa na nani ikiwa dhamana pekee ni kujuana? Mahali ambapo hukumu haina nguvu, mkopo hubaki kwa wenye jamaa.

Bado kuna tofauti kati ya asiye nacho na asiyetaka. Waislamu wameiweka wazi: sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai amngojee mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi; aya mbili mbele, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, deni linaamriwa kuandikwa mbele ya mashahidi. Hadithi ya Mtume inamhesabu tajiri anayechelewesha malipo kuwa dhalimu. Jela haimtengi vizuri mmoja na mwingine. Kongo ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa kimataifa unaokataza mtu kufungwa kwa kushindwa tu kutimiza mkataba, ingawa wadai wengi bado hukimbilia polisi na kuligeuza deni kuwa kosa la kuvunja uaminifu. Zaidi ya hayo, kuta zenyewe hazitegemeki: Oktoba 2020 zaidi ya wafungwa 1,300 walitoroka gereza la Kangbayi mjini Beni, na Agosti 2022 wengine zaidi ya 800 wakatoka Kakwangura, Butembo.

Vita vimezidisha ugumu wa kupima. Goma ilipotekwa Januari 2025 na benki zake zikafungwa, hata mtu mwaminifu aliyeweka akiba huko aliweza kuamka hana kitu. Huyo anastahili mwaka wa ibara ya 39, na anayemdai atafanya vema kuuomba pamoja naye. Lakini huruma hiyo anaitoa mwenye hukumu inayoweza kutekelezwa. Mama asiye na njia ya kudai hajasamehe. Ameshindwa tu, na kumwita msamehevu ni kumwongezea dhuluma ya pili. Mapadri na wachungaji wanaotaka asamehe wangeanza kwa kumwita mdaiwa mbele ya shirika, aje na orodha ya mali yake. Na wakati wa kuisoma orodha wamuulize lile duka jipya la Kasindi limeandikwa jina la nani.