Tunzo, Ada na Kamari: Jawabu kwa Mzazi Mwenye Mwana Kitengela

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na mzee mmoja katika wasomaji wetu, ambaye mwanawe amekwenda kukaa Kitengela kwa ajili ya kazi. Mzee huyo aeleza kuwa kijana amekuwa hodari wa mpira wa vidio, ule unaochezwa kwa pedi mbele ya runinga, na sasa ataka kuingia katika mashindano yatakayowakusanya vijana wa Kitengela, wa Kajiado mjini, wa Ngong na wa Ongata Rongai. Kila mwenye kuingia hutoa ada, na mwisho mshindi hupewa fedha. Mzee auliza: Nimkataze au nimwache? Nikimkataza, nimkataze kwa hoja gani? Na nikimwacha, je, nitakuwa nimeshiriki katika dhambi?

Tumeona ni bora kulijibu suala hili kwa urefu, kwani si la mzee huyu peke yake. Vibanda vya PlayStation vimo katika mitaa yetu wenyewe, na watoto wetu huviingia wakitoka chuoni na skuli. Wazee wengi huvipita wakisonya, nao hudhani kusonya kumetosha.

Yatupasa kwanza kupajua mahali penyewe. Kitengela ni mji ulio katika barabara iendayo Namanga, kusini ya Nairobi, katika kaunti ya Kajiado. Zamani palikuwa malisho ya Wamasai, na wanyama wa mwitu walikuwa wakitoka katika mbuga ya Nairobi na kutawanyika huko wakati wa mvua. Mwaka 1988 ardhi ya ushirika iligawanywa kwa wenyewe, viwanja vikauzwa, na majumba yakaota pale palipokuwa na nyasi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Wametoka kila pembe ya nchi, na aliye mlango wa pili huenda asijue jina la jirani yake. Kijana wa pwani akifika huko hana mjomba wa kumuuliza jana usiku alikuwa wapi, wala hana shangazi wa kumwona akipita. Atokapo kazini jioni, mahali penye taa, na kelele, na watu wa rika lake wamwitao kwa jina, mara nyingi ni kibanda cha mchezo. Basi mzazi na afahamu kwamba kijana hakufuata pedi tu, bali amefuata wenzi. Anayemwambia aache mchezo bila ya kumwonyesha wenzi wengine amemwambia akae peke yake chumbani, na hilo nalo lina khatari zake.

Ama mchezo wenyewe, sheria yetu haikuja kuufuta. Imepokewa kuwa Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha, na kwamba alipigana mieleka na Rukana akamwangusha, na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi naye akiwatazama. Na hata mchezo wa kukaa kitako, kama sataranji, Imamu wetu Shafii ameuchukia lakini hakuuharimisha, maadamu hauna mali ndani yake wala haumpotezei mtu Sala. Kwa hivyo wale wasemao kuwa mchezo wa vidio ni haramu kwa sababu ni wa Wazungu hawakuleta hoja. Na tena mingi katika michezo hiyo hutoka Japani. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwalaumu watu wetu kwa kuyaiga mabaya ya wageni na kuyaacha mema yao. Lawama hiyo haiwezi kumfaa mtu asiyejua kupambanua lipi ni baya na lipi ni jema. Hatukanushi kuwa imo michezo ya vidio yenye uchi na matusi, na hukumu ya hiyo ni wazi, haihitaji maneno mengi. Lakini mpira ni mpira.

Tuje sasa kwenye mali, na hapa ndipo penye suala.

Tuchukue mfano. Vijana 32 wameingia katika mashindano, na kila mmoja ametoa shilingi 200. Jumla ni shilingi 6,400. Mwenye ukumbi achukua 1,400 kwa umeme na mitambo yake, na mshindi apewa 5,000. Hizo 5,000 zimetoka wapi? Zimetoka katika mifuko ya wale 31 walioshindwa, pamoja na kidogo chake mwenyewe. Kila mmoja katika wao aliweka mali yake akitumai kuzoa mali za wenzake, akijua kuwa huenda akaondoka mikono mitupu. Ikiwa hii si kamari, basi hatujui kamari ni nini. Kuiita ada hakubadilishi kitu, kama ambavyo riba haikubadilika kwa kuitwa faida.

Kijana atasema: Kamari ni bahati, na mimi nimeshinda kwa ustadi wangu. Hoja hii ina nguvu, wala hatupendi kuipita kwa haraka. Ni kweli kwamba anayecheza vizuri hushinda mara nyingi kuliko asiyejua. Walakini tutazame sheria ilivyofanya katika mbio za farasi. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi na wengineo imeruhusu tunzo katika mambo matatu: mishale, ngamia na farasi. Hapana awezaye kusema kuwa kulenga mshale ni bahati. Hata hivyo wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kuwa washindani wawili wakiweka mali wote wawili ili mshindi azoe yote, haifai, illa aingie kati yao mtu wa tatu asiyetoa kitu, naye awe na matumaini ya kuwashinda. Mmoja wao akitoa peke yake, au akitoa mtu wa nje, yafaa. Wakati ule hawakuuliza kama mchezo ni wa ustadi au wa bahati. Waliuliza mali imetoka wapi na inakwenda wapi. Ikiwa mambo yako hivyo katika farasi, ambaye tunzo yake imeruhusiwa wazi, seuze pedi?

Kisha iko tunzo ya mtu wa nje. Mfanya biashara atoa simu kumi au shilingi elfu hamsini apewe mshindi, na washindani hawakutoa kitu, au wametoa ujira wa ukumbi tu. Hapa wanavyuoni wamekhitalifiana. Wengi katika madhehebu yetu wameifunga tunzo katika vile vitu vinavyofaa kwa mazoezi ya vita, na kwa kauli yao hata mieleka haiingii. Wengine wameipanua, Ibnul Qayyim katika kitabu chake cha Al-Furusiyya amekubali tunzo katika kushindania elimu, kwa kuwa dini husimama kwa elimu kama isimamavyo kwa silaha. Hapana awezaye kudai kwamba dini itasimama kwa mpira wa vidio. Lakini sisi twaona kuwa mtu wa nje akitoa mali yake kwa radhi, na hapana aliyeshindwa akapoteza hata senti kwa kushindwa kwake, basi ile maana ya kamari haimo, na kinachobaki ni zawadi. Hatuthubutu kuiharimisha. Anayetaka kujiepusha nayo kwa uchaji amejichagulia lililo salama, wala asimlazimishe mwenzake.

Basi kipimo ni hiki: fedha ya aliyeshindwa je, imeingia katika mfuko wa aliyeshinda? Wapangaji wa mashindano wakiweka masanduku mawili, moja la ujira wa ukumbi na moja la tunzo iliyotoka nje, wala la kwanza lisimwagwe katika la pili, jambo limetengenea. Si jambo gumu. Lahitaji mtu wa kuwaambia, na huenda wao wenyewe hawajapata kuambiwa.

Na kwa kipimo hicho hicho tutazame mazoea ya kila siku katika vibanda, ambayo wazee hawayajui kwa sababu hawaingii. Vijana wawili hucheza, na sharti lao ni kuwa mshindwa ndiye atakayelipa mchezo wa wote wawili. Fedha ni chache, wala hapana anayeyaita mashindano. Lakini mmoja amecheza bure kwa mali ya mwenzake kwa sababu amemfunga mabao. Hii ndiyo kamari ndogo, na ndiyo chuo cha ile kubwa. Wala tusiwacheke vijana. Ni mara ngapi barazani kwetu karata au keram huchezwa kwa sharti la kuwa mshindwa atanunua kahawa na halua ya wote? Mzee aliyeinywa kahawa hiyo baina ya Alasiri na Magharibi, kisha akasimama kumkemea kijana wa PlayStation, amtakie nini kijana huyo zaidi ya kumsikiliza kwa adabu na kwenda zake?

Liko jambo lingine, limefichika zaidi. Katika baadhi ya michezo ya mpira ya vidio mchezaji hununua kwa fedha za kweli vifurushi vilivyofungwa, asijue ndani yake atapata mchezaji mashuhuri au asiye na thamani. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilihukumu kuwa vifurushi vya namna hii ni kamari kwa sheria ya nchi hiyo, na mwaka uliofuata kampuni ya EA ikaacha kuwauzia watu wa huko sarafu za kununulia vifurushi hivyo. Watu wasiokuwa Waislamu wameitambua kamari ilipojificha ndani ya mchezo wa watoto. Sisi tuliokatazwa katika Suratul Maida, na tukaelezwa humo kuwa shetani aitumia kamari kutia uadui baina yetu na kutuzuia na Sala, tumewapa watoto simu na nambari ya siri ya M-Pesa.

Vijana nao wana hoja mbili wanazozileta mara kwa mara. Ya kwanza ni kuwa mwaka 2024 mjini Riyadh lilifanywa Kombe la Dunia la michezo ya vidio lenye tunzo za mamilioni ya dola, na nchi ile ndiyo yenye Makka na Madina. Tunawajibu kuwa kitendo cha serikali si dalili katika dini, hata ikiwa ni serikali ya wapi. Ya pili ni Arslan Siddique, kijana wa Lahore, Pakistani, ambaye katika mwaka 2019 alishinda mashindano makubwa ya Tekken mjini Fukuoka, Japani, mwezi wa Februari, na tena Las Vegas mwezi wa Agosti, akatoka katika nchi ambayo wachezaji wakubwa wa mchezo ule walikuwa hawaijui. Hata hapa Kenya, mwaka 2018, binti Sylvia Gathoni alichukuliwa na timu ya kigeni kwa ajili ya mchezo huo huo. Habari hizi ni za kweli, wala hatuzidharau. Kijana maskini akiona mlango umefunguka ana haki ya kuutazama. Lakini na ahesabu pia wale waliokaa mbele ya runinga saa nyingi kama hao, wala hapana aliyewachukua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza katika orodha ya maradhi hali ya mtu kushindwa kujizuia na michezo hii hata ikamharibia kazi na jamaa zake, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Mtume s.a.w. alikwisha kutuonya kuwa watu wengi hupunjika katika neema mbili, afya na wakati mtupu.

Na mbele ya yote ni Sala. Twaambiwa kuwa mashindano hayawezi kusimama, mtu akitoka amepoteza zamu yake. Tumeuliza, tukaelezwa kuwa mchezo mmoja wa mpira wa vidio haufiki nusu saa. Wakati wa Magharibi ni mfupi lakini si mfupi hivyo. Anayeukosa hakuzuiwa na mchezo mmoja, amezuiwa na wa pili na wa tatu.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado liko jambo ambalo twapenda wazee wetu walisikie. Moran wa Kimasai tangu zamani alikuwa akithibitisha uanaume wake kwa kumwua simba. Simba walipopungua, wazee wao hawakutosheka na kukataza. Mwaka 2012, upande wa Kimana karibu na Amboseli, kwa msaada wa shirika la Big Life, walianzisha michezo ya moran: mbio, kutupa mkuki, kulenga kwa rungu, na kuruka juu kama warukavyo katika ngoma zao. David Rudisha, bingwa wa dunia wa mita 800, akawa mlezi wao. Tunzo hutoka kwa wafadhili. Wazee wale walijua kuwa kijana hawezi kuambiwa asishindane. Aweza kupewa jambo jingine la kushindania, na wazee wakaenda wenyewe uwanjani kumtazama. Na sisi pwani tuna ngalawa na mashua, tuna mbio za punda za Lamu, tuna bahari ya kuogelea ambayo watoto wengi wa mjini siku hizi hawaijui. Ni nani katika matajiri wetu aliyetoa tunzo mwaka huu?

Jawabu letu kwa mzee ni hili. Asimkataze mwanawe kwa simu kutoka Mombasa. Ikiwa ana nauli, na apande gari mpaka Nairobi, kisha Kitengela, akae naye siku mbili, aende naye kibandani, awaone wenzi wake, wasali pamoja msikitini hapo mjini. Amwulize mpangaji, mbele ya kijana, fedha za tunzo zimetoka wapi. Zikiwa zimetoka kwa mtu wa nje, na saa za Sala zimewekwa katika ratiba, basi na amwache acheze, na yeye akae amtazame. Zikiwa ni zile ada za vijana wenyewe, na amfahamishe mwanawe kama tulivyoeleza hapa, na kijana aiweke pedi chini, ijapokuwa shilingi zake 200 amekwisha kuzitoa wala hatarudishiwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.