Kosa la Sarufi Si Kosa la Jinai

Kwa Kiswahili, mwalimu na hakimu hutumia neno moja. Ukijumlisha vibaya, umefanya kosa. Ukishikwa na simu ya wizi, unasomewa kosa. Kwa kawaida hatuchanganyikiwi. Mtu akipotea njia pale Odeon, tunamwonyesha stendi ya matatu zake na maisha yanaendelea. Hakuna anayemuuliza amelelewa wapi.

Lakini msee akisimama darasani chuoni aseme "he didn't came", ghafla sote tunakuwa mahakimu. Kuna anayecheka, kuna anayemtazama jirani yake, kuna anayeandika kwa grupu ya WhatsApp kabla hata sentensi haijaisha. Alichokuwa anauliza, hakuna anayekikumbuka. Kwa hivyo nauliza mimi: kosa la sarufi ni kosa la aina gani? Ni la mwalimu ama ni la hakimu?

Nawafahamu watu kadhaa wanaosoma sarufi ya Kiingereza kwa simu, usiku. Mmoja yuko mwaka wa pili, anasomea uuguzi. Mchana anasoma anatomia mbele ya watu wote, kitabu kimefunguliwa mezani maktaba. Usiku, wenzake wa hosteli wakishalala, anapunguza sauti ya simu, anajifunika blanketi na kufungua video ya YouTube inayoeleza tofauti ya "since" na "for". Bando ikiisha, anarudi kwa kurasa alizohifadhi. Akisikia mtu anaamka, anafunga. Ukimwona utadhani anatazama kitu cha aibu.

Mbona ajifiche? Anatomia haimwaibishi mtu kwa kutoijua kabla ya kufundishwa. Kiingereza kinamwaibisha. Kuanzia darasa la nne masomo yetu mengi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hivyo ukifika chuo inachukuliwa kwamba ulishamaliza hiyo kazi zamani. Kuna ile kozi ya mwaka wa kwanza ya stadi za mawasiliano, ukumbi umejaa hadi ngazini, halafu basi. Kukiri kwamba bado unasoma "present perfect" ukiwa na miaka ishirini na moja ni kama kukiri kwamba hujafundishwa kunawa mikono. Kwetu Kiingereza kimeacha kuwa somo tu. Kimekuwa ushahidi wa ulikotoka.

Aibu hii ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka wa 1986, anaeleza jinsi mtoto aliyepatikana akiongea Gĩkũyũ karibu na shule alivyochapwa, au akavishwa kibao shingoni cha kumtangaza kuwa mjinga. Hapo kosa la lugha lilikuwa kosa la hakimu kabisa, lenye mashtaka, ushahidi na adhabu. Na si hadithi ya wazee peke yao. Wengi wa rika letu walikutana na ile diski ya kupokezana shuleni. Diski tumeiacha shuleni, lakini ile kazi ya kuwashika wenzetu tumekuja nayo chuoni.

Hebu sasa tuyaangalie makosa yenyewe, moja moja, kama fundi anavyoangalia redio iliyoharibika. Kwa Kiswahili, "amelala" ni mtu ambaye yuko usingizini sasa hivi. Ile "-me-" inabeba tendo lililoisha pamoja na hali iliyobaki. Anayesema "the baby has slept" akimaanisha kwamba mtoto yuko usingizini hajakurupuka tu. Amefuata kanuni, ila ni kanuni ya lugha nyingine. Tunasema pia "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, lakini Kiingereza hakitaki "have seen" ikae na "yesterday". Tunasema mezani, shuleni, nyumbani, na "-ni" moja inatosha. Kiingereza kinataka uchague kati ya "in", "at" na "on". "Yeye" ni wa kike na ni wa kiume, ndiyo maana mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kumwita mamake "he" akiongea haraka.

Halafu kuna ile ya kukuacha na njaa. Ukiulizwa "Hujakula?", unajibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sijala. Mwingereza akikuuliza "Haven't you eaten?" nawe ujibu "Yes", anajua umeshiba. Anaondoa sahani.

Makosa kama haya hayaonyeshi kwamba kichwani hamna kitu. Yanaonyesha kwamba kichwani tayari kuna lugha, pengine mbili au tatu, na mpya inaingia ikizikuta zimeketi. Anayesoma sarufi ya Kiingereza usiku haanzi kutoka sufuri. Anajifunza kupanga upya nyumba yenye watu.

Na hizo kanuni zenyewe zilitoka wapi? Nyingine ni za zamani na ziko ndani ya lugha yenyewe, huwezi kuzigusa. Nyingine zina mwandishi na tarehe. Ile ya kutomaliza sentensi kwa kihusishi, ambayo imefanya insha nyingi zipigwe wino mwekundu, inajulikana ilikoanzia. Mwaka wa 1672 John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa kufanya hivyo, na katika lawama hiyo hiyo akakubali kwamba yeye pia alikuwa akifanya. Mwaka wa 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, aliandika kitabu cha sarufi kilichosema mtindo huo unafaa mazungumzo kuliko maandishi mazito. Sentensi yake ya kueleza jambo hilo inaishia kwa kihusishi. Askofu mwenyewe, jo.

"You" nayo zamani ilikuwa ya watu wengi, na mtu mmoja aliitwa "thou". Ikahama, na leo hakuna anayeshtakiwa. Tena mojawapo ya sarufi kubwa zaidi za Kiingereza, yenye mabuku 7 yaliyotoka kati ya 1909 na 1949, ilianzishwa na Otto Jespersen, mtu wa Denmark. Hata Grammarly, ile programu inayotuwekea mstari chini ya maneno, ilianzishwa na watu wa Ukraine mwaka wa 2009. Kwa hivyo ukiambiwa Kiingereza kina wenyewe, uliza ni akina nani hao.

Tusijifanye Kiswahili hakina mahakimu wake. Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya mji uleule walimokaa, lugha ya Muyaka bin Haji, kikabaki lahaja. Leo mtu wa Nairobi akisema "kitabu yangu imepotea", watu wa Pwani wanatabasamu, na wana haki yao. Mtoto wa Mvita anamudu ngeli kabla hajaanza shule. Sisi huku, neno lenyewe "ngeli" tumelipa kazi ya kuitia Kingereza cha mtaani: mtu "anaongea ngeli", basi ni msomi.

Lakini linganisha adhabu. Hakuna anayekosa kazi Upper Hill kwa sababu ya "kitabu yangu". Bosi atasema vivyo hivyo kwa mkutano na watu watacheka naye, si yeye. "He didn't came" inaweza kukufungia mlango. Kama kweli tungekuwa tunaadhibu kuvunja kanuni, tungeadhibu kote. Tunachoadhibu ni kuvunja kanuni za lugha yenye pesa.

Sasa kuna mtu anasema: kwa hivyo kila mtu aandike vile anataka? Hapana. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda, na leo ninalipwa kwa kuandika, mara nyingi kwa Kiingereza. Kitakuwa kichekesho niwaambie watu Kiingereza ni upuzi wakati ndicho kinalipa kodi ya nyumba. Tena zipo kanuni ambazo zinabeba maana, na zikivunjika mtu anaumia. Muuguzi akiachiwa karatasi iliyoandikwa "you need not give this drug", hiyo ni "si lazima umpe". Ikiandikwa "you must not give this drug", hiyo ni "usimpe kabisa". Kati ya hizo mbili kuna mgonjwa kitandani. Kusoma tofauti hiyo ni wajibu, na anayeisoma saa sita usiku anafanya kazi ya heshima.

Kwa hivyo ninatenga makundi mawili. Kuna kanuni za kumsaidia msomaji aelewe, na kuna kanuni za kumsaidia msikilizaji ajue wewe ni wa wapi. Za kwanza tunadaiwa na kila mtu tunayemwandikia, kama unavyomdai mwenye duka chenji kamili. Za pili tunazijifunza kwa sababu dunia iko hivyo, ila hatudaiwi kuziheshimu moyoni.

Shida ni kwamba msikilizaji hachelewi kuyachanganya makundi hayo. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu dhuluma katika mambo ya maarifa, anasema mtu anaweza kudhulumiwa kama mjuzi: anasema kweli, lakini haaminiwi inavyostahili kwa sababu ya vile tunavyomchukulia. Mwaka wa 2010, watafiti Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walipima kitu kinachokaribiana na hicho. Watu walisikilizishwa sentensi fupi, kwa mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Sentensi hizo ziliposomwa kwa lafudhi ya kigeni, wasikilizaji waliziona si za kweli sana, hata ingawa waliambiwa msomaji anasoma tu maneno aliyopewa. Lafudhi haijui chochote kuhusu twiga. Lakini iliwapunguzia imani.

Peleka hilo darasani. Yule aliyechekwa hapotezi heshima ya dakika moja tu. Anapoteza kuaminiwa. Wiki ijayo ana swali zuri, analimeza. Muhula ukiisha, sisi wote tumekosa maswali yake, na hakuna anayeweza kuhesabu hasara hiyo kwa sababu haikusikika.

Na ukishajifunza vizuri, bado hujapona. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawahitaji mtihani wa kuonyesha wanajua Kiingereza wanapoomba viza. Kenya haimo, ingawa Kiingereza ni mojawapo ya lugha rasmi mbili katika Katiba yetu ya 2010. Unafanya IELTS, unalipa, na matokeo kwa kawaida yanatambuliwa kwa miaka 2, kama maziwa ya pakiti. Halafu mwaka wa 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu 7 zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Walizipa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisemwa ni za mashine. Programu hizo huangalia kama maneno yanatabirika, na mtu aliyejifunza lugha kwa uangalifu huchagua maneno ya uhakika. Yaani ukikosea unachekwa, na ukiandika kwa kufuata vile ulivyofundishwa unashukiwa umeiba. Hapo utaona kwamba hukumu haikuwa ya sarufi tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema wajibu hauko kwa mwanafunzi peke yake. Yeye ana wake, na anautimiza chini ya blanketi. Wetu sisi tunaosikiliza ni upi?

Kwanza, jibu swali kabla ya kurekebisha sentensi. Ukimwelewa mtu kiasi cha kumcheka, umemwelewa kiasi cha kumjibu. Kama kosa lake litamgharimu mbele, mwambie, lakini kando, kama unavyomwambia mtu zipu imefunguka. Kumrekebisha mtu si dharau. Kunyamaza ukijua atakataliwa kazi kwa jambo ambalo ungeweza kumwambia kwa dakika moja, hapo pia kuna ubaya.

Pili, tuliotangulia kidogo tuache kujifanya tulizaliwa nacho. Ukiwa na video iliyokufungua macho kuhusu "a" na "the", itume kwa ile grupu ambayo watu hucheka. Usiseme ni ya fulani. Sema wewe ndiye uliyeitazama. Mtu mmoja akisoma sarufi hadharani, wengine watatoa simu zao kutoka chini ya blanketi.

Tatu ni kwa wanaosahihisha karatasi zetu. Mwanafunzi akirudishiwa insha yenye alama kumi na mbili kwa thelathini na duara nyekundu kila mahali, hajui ameanguka wapi. Gaweni alama mara mbili, za hoja mahali pake na za lugha mahali pake. Anayesomea uuguzi ana haki ya kujua kama hajaelewa jinsi moyo unavyosukuma damu, ama ameelewa vizuri kabisa na amesahau tu kuweka "the".